Bunduki ya mtumba, shavu na nusu milimita

UKISIKIA bunduki ya mtumba, akili inakimbilia polisi na mahakama. Hii ni nyingine kabisa. Ni bunduki ya upepo ya kulenga shabaha, inayopiga kirisasi cha milimita 4.5 kwa umbali wa mita 10, ukumbini. Iliingia kwenye Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, Philippe Heberlé wa Ufaransa akabeba dhahabu ya wanaume na Pat Spurgin wa Marekani ya wanawake.

Siku hizi wakali wa mchezo huu wanatumia bunduki zenye mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, nyingi zikiwa na kitako cha alumini kinachorekebishwa kila upande. Bei yake ni maelfu ya euro. Kijana anayeanza mazoezi kwenye klabu ya Ujerumani au Uingereza hana hela hiyo, kwa hiyo macho yanaangukia mzigo wa zamani. Jina linalotajwa sana ni Feinwerkbau 300S, bunduki ya Oberndorf am Neckar, mji uleule wa Mauser. Ilitamba sana miaka ya 1970, na hadi leo ikitunzwa inapiga vizuri tu.

Shida huwa kwenye mbao. Kitako, yaani mwili wote wa mbao unaobeba chuma na kuegemea begani, kimeshikwa na mikono ya jasho miaka 40. Vanishi imebabuka, kuna mabonde ya kugongwa mlangoni, na pale shavu linapolala pamekuwa peusi kwa mafuta ya ngozi. Mnunuzi anashika msasa na kuanza kusugua. Hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Kisa? Nukta ya 10 kwenye shabaha ya mchezo huu ina upana wa nusu milimita. Mlengaji anachungulia kwenye kitundu kidogo cha nyuma, na jicho linafika palepale kila mara kwa sababu shavu limelala palepale. Ukila mbao milimita mbili sehemu ya shavu, kichwa kinashuka na jicho linatafuta kitundu. Mchezaji anakaza shingo kufidia, na kwenye mashindano ya risasi 60 shingo hiyo itamsaliti mapema.

Pasi ya nguo kazini

Kwanza hakikisha bunduki haina kirisasi ndani, kisha toa chuma chote kwenye mbao. Vanishi ya zamani itolewe kwa dawa ya kutolea rangi na kikwangulio butu, si kwa msasa mkali. Vaa glavu, fanyia kazi nje penye hewa.

Mabonde yana dawa yake, na ni rahisi mno. Weka kitambaa kibichi juu ya bonde, gusisha pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke unaingia kwenye nyuzi za mbao zilizobonyea, zinavimba na kurudi juu. Rudia mara tatu, nne. Ila kama nyuzi zimekatika, yaani ni mkwaruzo wa kisu au msumari, pasi haitasaidia, na si kila kovu la klabu lazima lifutwe.

Msasa unakuja baada ya hapo, namba 240 kisha 320 na 400, kila mara kwa kufuata mkondo wa mbao. Lowesha kidogo, acha ikauke, vinyweleo vitakavyosimama vipangushe kwa msasa laini. Michoro ya kwenye mshikio, ile inayozuia mkono kuteleza, isiguswe na msasa; mswaki wa zamani unatosha. Na ndani, pale chuma kinapokaa, usiguse kabisa. Kwenye 300S mtambo wote huteleza nyuma kidogo juu ya reli wakati wa kufyatua ili mchezaji asisikie mtikisiko, kwa hiyo mkao wa chuma ndani ya mbao si wa kuchezea.

Kuna wanaopenda vanishi ya kung'aa kama meza ya sebuleni. Inapendeza kwenye picha, lakini shavu lenye jasho linateleza. Kwa mbao ya jozi, mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanafaa zaidi: paka kidogo, subiri robo saa, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima, rudia. Mipako mitano au sita myembamba inaishinda mmoja mnene, ambao utabaki ukinata wiki nzima.

Matambara uliyofutia yasirundikwe wala kutupwa kwenye pipa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na lundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Chuma kikirudi mahali pake, skrubu zikazwe kwa kiasi tu, maana mbao inabonyea. Kisha ni kurudi kwenye mita 10 kurekebisha kitundu cha kulengea upya, kwa sababu hata kwa fundi mwangalifu shavu halilali tena pale lilipolala jana.