Chakula cha vifaranga: si kila mdudu anafaa



Kila mama anayefuga kuku hapa Rumangabo anajua hesabu hii. Mahindi iko, pumba iko, lakini kifaranga hakui kwa mahindi peke yake. Anahitaji protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Konsantre inatoka mbali, na siku barabara ya Goma na Rutshuru inafungwa, bei inapanda ao mfuko unakosekana kabisa. Sambaza na ndagala kavu zinajenga mwili vizuri, lakini hapo kuku anashindana na mtoto kwa sahani moja.

Ndiyo maana wafugaji wengi wanarudi kwa wadudu. Kuku ya kienyeji haikungoja mafunzo ili ijue kuchakura na kula mchwa. Mwaka 2013 shirika la FAO lilitoa kitabu kizima juu ya wadudu kama chakula cha watu na cha mifugo. Mwaka 2021 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa wadudu katika chakula cha kuku na nguruwe. Kwa hiyo hii si kazi ya kuonea haya.

Lakini mdudu anaweza kukuza kifaranga, na anaweza kumuua. Tuone namna ya kuchagua.

Maswali matatu kabla ya kuokota

1. Huyu mdudu alikula wapi? Hili ndilo swali la kwanza. Tangu viwavi jeshi vamizi viingie Afrika mwaka 2016, wakulima wengi wanapuliza dawa kwa mahindi. Kwa nyanya, kabichi na viazi dawa ni nyingi zaidi. Kiwavi ao panzi aliyekula jani lenye dawa anaibeba mwilini. Ukiona wadudu wamelegea, ni rahisi kuwaokota, na watoto wanafurahi kujaza kopo. Hapo ndipo hatari iko: mara nyingi wamelegea juu ya dawa. Ukiwapa vifaranga asubuhi, jioni unaweza kuzika kundi zima na kusema ni ugonjwa. Shamba likipulizwa, usiokote mdudu humo mpaka mavuno yaishe.

2. Ana ukubwa gani? Kifaranga cha wiki moja hawezi kumeza panzi mkubwa mwenye miguu ya miiba. Mpe wadudu wadogo na laini, ao katakata wakubwa na kuondoa miguu na mabawa.

3. Utamupata tena kesho? Chakula kinachokuja mara moja kwa mwezi hakikuzi kundi. Tafuta mdudu unayeweza kupata kila siku, ao kumfuga mwenyewe.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga buibui wakubwa wenye manyoya nyumbani, na wananunua nyenje wa kufugwa kwa kuwalisha. Na wao wanafuata mambo yale yale: hawaokoti mdudu kwa shamba lenye dawa, hawatoi mdudu anayezidi mwili wa buibui, na wanaondoa nyenje aliyebaki, juu anaweza kuuma buibui wakati anabadilisha ngozi. Mnyama ni mwingine, lakini akili ni ile ile.

Tupime wadudu wetu

Mchwa. Kwa vifaranga vya wiki za kwanza, mchwa ni wa kwanza: mdogo, laini, na hapatikani kwa majani ya shamba lenye dawa. Chukua chungu kikuukuu, jaza nyasi kavu, maganda ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe, nyunyizia maji kidogo. Jioni fungua tundu la kichuguu, funika kwa chungu hicho kichwa chini. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, kung'uta mchwa mbele ya vifaranga. Usibomoe kichuguu chote. Malkia akifa, chakula kimeisha. Na usiingie ndani ya Parke ya Virunga kutafuta vichuguu. Sisi tunaishi karibu na makao yake makuu, kila mtu anajua kwamba kuchukua kitu humo ni kosa. Vya shambani vinatosha.

Panzi na nyenje. Wana protini nyingi, lakini ni wa msimu na wanazunguka kila shamba. Okota tu pale unapojua hakuna dawa. Panzi mwenye rangi kali anayetembea polepole bila kuogopa na ananuka, mwache. Zile rangi ni onyo: ana sumu ya mimea mwilini.

Nzi mweusi. Huyu ndiye anayefaa kufugwa. Ni mrefu, mweusi, anafanana kidogo na nyigu, lakini haumi. Akishakuwa mkubwa hali chakula, kwa hiyo hatafuti sahani kama nzi wa nyumbani. Jike mmoja anataga mayai kama 500. Funza wake akikaushwa, karibu 40 kwa mia ni protini, na ana chokaa nyingi kuliko wadudu wengine.

Weka ndani ya beseni maganda ya ndizi, matunda yaliyooza, mabaki ya ugali na makapi ya kasiksi. Yawe na unyevu, yasiwe supu. Usiweke nyama wala mavi ya watu. Juu yake weka vipande vya katoni vyenye mistari. Jike anataga ndani ya vitundu vile. Funika mvua isiingie. Mayai yanaanguliwa baada ya siku kama 4, na funza wanakua kwa wiki 2 ao 3. Hapa kwetu usiku ni baridi, wanaweza kukawia, basi weka beseni pahali pa joto. Vuna wakiwa bado weupe. Wakianza kuwa weusi wanakuwa wagumu. Hao waache wawe nzi wa kutaga tena. Mabaki ya beseni ni mbolea.

Funza wa nzi wa kawaida. Wa mzoga, hapana kabisa. Wanabeba sumu inayolegeza shingo ya kuku mpaka anakufa. Na ukifuga nzi wa nyumbani, unafuga kuhara kwa watoto wako.

Mende. Tusimuokote. Anakaa chooni, na anaweza kuingiza minyoo kwa kuku.

Kutayarisha

Panzi, nyenje na funza, wamwagie maji yanayochemka kwa dakika chache. Hii inaua minyoo na wadudu wadogo wa ugonjwa. Kisha wape siku hiyo hiyo, ao uanike juani mpaka wavunjike mkononi, uwatwange na kuweka pahali pakavu. Unga wenye ukungu utupwe.

Wadudu ni nyongeza. Pumba na majani vibaki kwa sahani. Anza na kidogo, na ondoa kinachobaki. Mabaki yanaita siafu, na siafu wakiingia usiku wanamaliza vifaranga kabla hujaamka. Kwa kuku wa mayai, choma maganda ya mayai, yasage na kuchanganya ili wapate chokaa, zaidi kama unatumia mchwa ao panzi.

Kwa mkutano ujao

Jambo moja haliwezi kufanywa na mtu peke yake. Jirani akipuliza dawa leo bila kusema, panzi wake kesho wako kwako. Tunaomba kila kooperative izungumzie hili: anayepuliza afunge kitambaa chekundu kwa kijiti pembeni ya shamba, na watoto wote wafundishwe maana yake. Kitambaa hakina bei. Na mtoto akileta kopo la wadudu, kabla ya kumshukuru, umuulize kwanza: "Hii dudu umetoa wapi?"