Kiwambo cha Kompyuta Kinapochezacheza

KATIKA nyumba nyingi za mijini kompyuta ya mezani si pambo la sebuleni tena. Ni chombo cha kazi. Mama huifanyia hesabu za duka lake, kijana huandikia barua za kuombea kazi, na watoto huisomea masomo yao. Ziko hata familia zinazopata posho yao yote kwa chombo hicho, kwa kuchapa nyaraka, kupanga kadi za harusi na kutengeneza picha za pasipoti. Basi kiwambo chake, yaani kile kioo kinachoonyesha picha, kinapoanza kuchezacheza, kikazimika kwa sekunde mbili na kuwaka tena, hofu inayoingia nyumbani si ndogo. Aghalabu neno la kwanza kusemwa ni kwamba kiwambo kimekufa na hapana budi kununua kingine.

Usilikubali neno hilo upesi. Kiwambo chenye picha safi sana, kile kiitwacho 4K madukani, ni mali ya kuwekewa akiba, na mara nyingi ugonjwa haumo ndani yake hata kidogo. Umo katika waya, katika mpangilio wa kompyuta au katika soketi ya ukutani. Kununua kwa kubahatisha, leo waya, kesho kadi, keshokutwa kiwambo, ndiko kule kuchovya-chovya kunakomaliza buyu la asali.

Nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, nayo ikawekwa Wizara ya Fedha. Na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Siku hizi mashine hiyo imo majumbani, na mwenye nyumba yafaa ajue angalau maradhi yake ya kawaida, kama anavyojua ya baiskeli na ya jiko.

MZIGO WA WAYA

Picha ya kiwambo imefanywa kwa vidoti vidogo mno vya rangi, viitwavyo pikseli. Kiwambo cha kawaida kina vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla kama milioni 2. Cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, jumla zaidi ya milioni 8, yaani mara nne kamili. Tena picha hiyo hupelekwa upya mara 60 kila sekunde. Hiyo ndiyo maana ya alama 60Hz uionayo kwenye boksi. Ukizidisha, utaona kwamba waya mmoja mwembamba hupitisha habari za vidoti karibu milioni 500 kila sekunde.

Njia ikiwa finyu, au waya ukiwa umechakaa, habari hupotea safarini. Kiwambo hukosa picha, huzimika, huitafuta tena, kisha huwaka. Njia ya HDMI ya toleo la 1.4 huweza kupitisha picha za 4K mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo lililofikisha mara 60, kwa uwezo wa gigabiti 18 kwa sekunde. Na toleo la 2.1 la mwaka 2017 likafikia gigabiti 48. Njia ya DisplayPort nayo huweza mara 60 tangu toleo lake la 1.2. Tatizo ni kwamba nyaya za HDMI za zamani na za sasa hufanana, na plagi yake ni ile ile. Ndiyo maana waya uliotumika miaka mingi bila kosa kwenye kiwambo cha zamani huweza kushindwa siku ile ile ufungapo kipya.

FUATA HATUA

Kanuni iliyo kuu ni hii: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ngoja uone. Ukibadili vitatu kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua kilichokuponya.

Kwanza, tenganisha kiwambo na kompyuta. Bonyeza kitufe cha kiwambo chenyewe ili orodha ya mipangilio yake itokee. Orodha hiyo hutengenezwa na kiwambo, haitoki kwenye kompyuta. Ikiwa imetulia huku picha iliyo nyuma yake inatetemeka, basi shaka iangukie kompyuta au waya. Ikiwa nayo inatetemeka, tazama kiwambo au umeme. Kisha chomoa waya wa picha. Kiwambo kitaandika chenyewe kwamba hakipati habari. Angalia kama maandishi hayo yametulia.

Pili, kagua waya. Zima vyombo vyote, chomoa ncha zote mbili na uzirudishe mpaka zikae barabara. Kama kompyuta yako ina kadi ya picha ya peke yake, hakikisha waya umechomekwa kwenye kadi hiyo. Ondoa viungio vya katikati. Halafu azima kwa jirani waya mwingine, mfupi, usiozidi mita mbili, ujaribu kabla hujatoa senti. Ikibidi kununua wa HDMI, tafuta wenye lebo ya Premium High Speed, uliopimwa kwa gigabiti 18, au Ultra High Speed, uliopimwa kwa gigabiti 48.

Tatu, punguza mzigo. Katika mipangilio ya Windows, sehemu ya kiwambo, shusha 60Hz hadi 30Hz. Kuchezacheza kukikoma, umepata ushahidi mkubwa kwamba njia ya kupitishia picha ni finyu. Lakini 30Hz ni kipimo tu, si tiba. Ukifanyia kazi utaona kishale cha kipanya kinaburuta. Tena viwambo vingi vya sasa vina mpango wa kubadilisha kasi ya picha vyenyewe, kama FreeSync na G-Sync, nao huweza kuupandisha na kuushusha mwanga. Uzime kwa muda, uone.

Nne, chunguza programu. Katika Windows bonyeza kwa pamoja vitufe Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka programu iitwayo Task Manager. Itazame kwa makini. Ikiwa inachezacheza pamoja na kila kitu kingine, shuku draiva, yaani ile programu inayoiongoza kadi ya picha. Iweke mpya, au kama kosa lilianza baada ya kuweka mpya, rudisha ya zamani. Ikiwa Task Manager imetulia huku vingine vyote vinatetemeka, kosa ni la programu mojawapo uliyoiweka. Iondoe ile ya karibuni kwanza.

Tano, tazama umeme. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230, lakini hushuka na kupanda. Angalia kama kiwambo hutetemeka pale friji inapoanza kuunguruma au pasi inapochomekwa. Kikifanya hivyo, kihamishie kwenye soketi isiyoshirikiana na vyombo hivyo, au tumia stabilaiza. Lipo na jambo linaloshangaza wengi: baadhi ya viti vya ofisini vinavyopanda na kushuka kwa gesi, mtu anapoketi au kuinuka, hutoa cheche ndogo ya umeme tuli ambayo waya wa picha usiokingwa vizuri huidaka. Kiwambo kikizimika kila uinukapo, usidhani ni uchawi. Badili waya, au sogeza kiti.

Sita, pima mwanga na joto. Viwambo vingine hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa yake ya ndani upesi mno. Pandisha mwanga hadi mwisho. Utulivu ukirudi, sababu ni taa, wala si picha. Kama kosa hutokea baada ya saa nzima ya kazi nzito tu, huenda kadi ya picha inapata joto kupita kiasi. Zima mashine, chomoa plagi, upanguse vumbi kwenye matundu ya hewa kwa brashi laini.

HADHARI

Usikifungue kiwambo chenyewe. Ndani yake mna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, navyo vyaweza kukudhuru. Hapo ndipo kazi ya mwenye nyumba inapokoma na ya fundi inapoanza.

Wala usiwaache watoto waendelee kusoma mbele ya kioo kinachomweka mara kadhaa kila sekunde. Wengi wetu huishia kuumwa kichwa na kuchoka macho, lakini wapo watu ambao mwanga wa kumweka huwaletea kifafa. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, mchezo wa katuni wa Pokémon ulionyesha katika televisheni mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kama mara 12 kwa sekunde. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali. Basi nyumba yenye mtu wa kifafa na izime kiwambo hicho mara moja, na uchunguzi ufanywe na mtu mzima asiye na maradhi hayo.

UENDAPO KWA FUNDI

Yaandike katika daftari yale yote uliyojaribu: waya gani, soketi gani, saa ngapi kosa lilitokea. Fundi mwaminifu atakushukuru, kwa kuwa umempunguzia kazi; na asiye mwaminifu ataona kwamba hatakuuzia kadi mpya kwa maneno matupu. Akikuambia kiwambo kimekufa, mwombe akifunge mbele ya macho yako kwenye kompyuta nyingine, kwa waya mwingine ulio mzima. Kikitulia, rudi nacho nyumbani, ukatafute kosa kwenye kompyuta au waya wako. Kikichezacheza na huko pia, hapo ndipo uamini, na kabla hujaigusa akiba yako, itafute risiti uone kama dhamana ya dukani haijaisha.