Mchele wa Mwea na Kambi za Kizuizi

Katika nyumba nyingi za mitaa ya Mashariki ya Nairobi, toka Bahati na Shauri Moyo hata Kaloleni na Makongeni, mchele wa pishori kutoka Mwea hupikwa siku ya sikukuu au siku ajapo mgeni wa heshima. Wapikao wajua vema bei yake na harufu yake. Lakini si wote wajuao kwamba mifereji ya kwanza ya mashamba yale ilichimbwa na watu waliokuwa kizuizini, na kwamba wakazi wa mitaa hiyo hiyo walikuwa miongoni mwao.

Hali ya Hatari ilitangazwa katika Kenya tarehe 20 Oktoba, 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili, 1954, maelfu ya askari na polisi waliizunguka Nairobi, wakaanza msako ulioitwa Anvil, yaani Fuawe. Nyumba za Waafrika zilipekuliwa moja moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wenzao, wakaketishwa chini, kisha wakapitishwa mbele ya watu waliojifunika magunia yenye matundu ya macho. Mfichwa huyo akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alikuwa amekwisha hukumiwa. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa katika kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani bila ya kushtakiwa mbele ya hakimu. Wake na watoto wengi walirudishwa katika wilaya za kwao, wala hawakujua waume na baba zao watarudi lini.

Yafaa kueleza jinsi kambi hizo zilivyopangwa. Kila mfungwa alichujwa na kuwekwa katika daraja: weupe, walioaminiwa, wa kijivu, walioshukiwa, na weusi, waliohesabiwa kuwa wakaidi. Maofisa waliufananisha mpango huo na bomba la maji. Aliyekiri kiapo na kukubali kazi alisogezwa kutoka kambi kubwa za mbali mpaka kambi za kazi zilizo karibu na kwao, na mwisho aliachiliwa. Aliyekataa alirudishwa nyuma. Kwa hivi kazi ya mikono ilifanywa kuwa mlango wa kwenda nyumbani.

Kambi za kazi za Mwea zilikuwa katika uwanda wa kusini ya Mlima Kenya. Uwanda huo ulikuwa mkavu, ingawa mito ya Thiba na Nyamindi yapita huko ikitoka mlimani. Katika mwaka wa 1954 kazi ya kuyatoa maji ya mito hiyo ilianzishwa. Mto huzibwa kwa ukuta, maji yakainuka na kuingia katika mfereji mkuu uliochimbwa kwa mteremko mdogo sana. Mteremko ukizidi, maji hula kingo. Ukipungua, maji husimama na matope hujaa. Toka mfereji mkuu maji hugawanywa katika mifereji midogo, kisha katika majaruba yenye matuta pande zote, ambamo miche ya mpunga iliyooteshwa katika kitalu hupandikizwa kwa mkono. Wafungwa walifanya kazi hiyo kwa majembe na sururu.

Haikuwa kazi ya hiari. Katika mwaka wa 1957 kambi za Mwea, zikiwamo Thiba, Gathigiriri na Kandongu, zilipokea wafungwa waliohesabiwa wakaidi, nao walipigwa ili wakiri na kutii. Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa huko Hola, kando ya mto Tana, ambako pia palikuwa na mashamba ya kumwagilia maji. Tarehe 3 Machi, 1959, wafungwa 11 walipigwa huko hata wakafa kwa sababu walikataa kazi. Miaka mingi baadaye, tarehe 6 Juni, 2013, Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya kambini, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Kambi zilipokwisha, mashamba yalibaki. Watu wasio na ardhi, wakiwamo waliotoka vizuizini, walipewa ekari nne kila mmoja. Lakini walikuwa wapangaji tu, wala si wenye ardhi. Mpunga wao ulikusanywa na kuuzwa na wasimamizi wa mradi, ambao toka mwaka wa 1966 walikuwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji. Katika mwaka wa 1998 wakulima walikataa utaratibu huo, wakauza mpunga kwa chama chao cha ushirika. Bwawa la Thiba lilifunguliwa katika mwaka wa 2022 ili kuongeza maji.

Kambi nyingine zikawa mahali pa elimu. Huko Nyeri, kambi ya Mweru ikawa Shule ya Sekondari ya Mweru, na ile ya Aguthi ikawa Shule ya Wasichana ya Kangubiri. Huko Mwea, kambi ya Wamumu ilifunguliwa katika mwaka wa 1955 kwa ajili ya wavulana waliotolewa Manyani, nao walifundishwa kusoma na kazi za ufundi. Mmoja wa maofisa wa Wamumu, Geoffrey Griffin, alianzisha Starehe Boys' Centre, jirani na Pumwani, katika mwaka wa 1959, pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakilala barabarani.

Wazee waliochimba mifereji ile wamepungua sana, na majaruba hayana alama ya majina yao. Mwenye babu au nyanya aliyepita Langata au Manyani na amwulize, maneno yake yaandikwe pamoja na jina la kambi na mwaka. Jambo hilo halihitaji fedha, bali haliwezi kungoja.