Kushuka Ndiko Kunakoliumiza Goti

Muulize mama wa Kibosho au Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwenye goti bovu ni njia ipi inayomtesa zaidi, ya kwenda sokoni au ya kurudi. Usishangae akikwambia ya kwenda. Kupanda kunamaliza pumzi, lakini kushuka kuelekea soko la Kiboriloni asubuhi ya masika, udongo unateleza na mkungu wa ndizi uko kichwani, ndiko kunakomfanya aseme, "Goti linaniachia."

Kosa si la mfupa peke yake. Mbele ya paja kuna misuli minne inayoungana na kulishika goti kupitia pia yake. Ukipanda, misuli hiyo hujikunja na kuusukuma mwili juu. Ukishuka, hulazimika kukaza huku inarefuka, ikiuzuia mwili usiporomoke, kama breki za daladala kwenye kona za Marangu. Breki hizo zikilegea, kila hatua inatua kwa kishindo juu ya gegedu na mfupa. Wapagazi wa mlimani wanalijua hili kuliko daktari yeyote: siku ya kutoka kileleni, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka iliyo kama mita 3,100, huwaacha hata vijana wenye magoti mazima wakitembea kwa kuchechemea.

Kwa mwenye goti lililosagika kuna balaa la pili. Goti likivimba, neva huiamuru misuli ya paja ipunguze nguvu, hata kama hakuna maumivu. Watafiti waliwahi kuingiza majimaji kwenye magoti ya watu wazima kiafya: mililita 20 hadi 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, zilitosha kuuzubaisha msuli wa ndani ya paja. Basi mgonjwa anakaa ili apumzishe goti, paja linanyauka, goti linabaki bila mshikaji, na maumivu yanaongezeka. Kukaa huko, ambako majirani huita kujitunza, ndiko kunakommaliza.

Mizani ya mwili nayo huyumba. Ili usimame wima, ubongo hutegemea macho, sikio la ndani, na taarifa kutoka kwenye misuli na viungo. Goti bovu hupeleka taarifa pungufu. Mchana macho hufidia. Ikifika saa moja jioni, kwenye kijia kinachopita kando ya mfereji katikati ya migomba, macho nayo hayana msaada.

Kuna wanaosema goti limeisha mafuta, kwa hiyo dawa ni supu ya makongoro au maji ya bamia. Supu ya makongoro ni tamu na sitaiacha, ila tumbo huimeng'enya kama nyama nyingine. Haina njia ya mkato ya kwenda gotini. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, yaani linapotembeshwa.

Sindano je? Mwaka 2017 utafiti wa Marekani uliochapishwa katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba waliodungwa steroidi gotini kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua zaidi. Mwaka 2020, katika New England Journal of Medicine, wagonjwa 156 waligawanywa kati ya sindano hiyo na fiziotherapia. Baada ya mwaka, waliofanyiwa fiziotherapia walikuwa na maumivu madogo na uwezo mkubwa zaidi. Moshi ina bahati hapa, kwa kuwa hospitali ya KCMC hutibu na pia hufundisha wataalamu wa fani hiyo. Hata hivyo wengi bado wanaanzia duka la dawa, wakimeza diklofenaki mwezi baada ya mwezi bila kujua inavyoweza kuumiza tumbo na figo na kupandisha presha.

Nyumbani, anza na kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Kunja mikono kifuani, simama, kisha keti taratibu sana. Kule kuketi polepole ndiko kunakoifundisha misuli kazi ya mteremko. Kiti kikiwa kifupi mno, weka mto. Halafu simama kwa mguu mmoja karibu na meza ili uishike ukiyumba. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari, mradi yatulie kufikia kesho yake; yakizidi, punguza idadi, usiache. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa goti zima, si upande wa goti bovu kama wengi wanavyofanya. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mbovu hutangulia kushuka. Na kwa mwenye uzito uliozidi, kila kilo anayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Lakini goti lililovimba ghafla, lenye joto na homa, lililokwama lisikunjuke, au lisiloweza kukanyagiwa baada ya kuanguka, usilifanyie zoezi lolote. Nenda kituo cha afya, hospitali ya Mawenzi au KCMC siku hiyohiyo.