Fahamu: Sufuria moja ya maharage, milo kadhaa

Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mama wa Igogo, jijini Mwanza, anayepandisha mkaa au mtungi wa gesi hadi nyumba ya mlimani kwenye mawe, maharage ni kati ya vyakula vinavyomaliza moto zaidi.

Dawa yake ni kuloweka. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha weka mapya na uyachemshe. Mwanzoni yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kwa sababu maharage mekundu mabichi yana sumu ya kuumiza tumbo, na moto mdogo hauiondoi. Magadi huharakisha kuiva lakini hupunguza vitamini B1. Mimi siyaweki.

Chemsha ya kutosha, bila chumvi, ugawe. Siku ya kwanza unga kwa kitunguu, nyanya na karoti, ule na ugali. Sehemu nyingine pika na ndizi mbichi kama jirani zetu wa Kagera: ndizi zikilainika, mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Asubuhi yaliyobaki yapondeponde, yakaange kidogo na pilipili hoho, ule na chapati au viazi vitamu.

Kamulia limau au ndimu, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Chai ya rangi isubiri angalau saa moja baada ya mlo, maana huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Kwa wajawazito na watoto, kupata madini ya chuma kuna uzito mkubwa.