Muundo Mpya wa Matokeo: Nani Ataubeba Mzigo?

Makatibu wa vyama wamezoea kupokea ombi la namna hii: taarifa ileile ya mauzo itolewe kwa sura nyingine, kwa kuwa benki yaitaka hivi na mkaguzi aitaka vile. Ombi hilo huonekana dogo, maana hesabu zenyewe hazibadiliki. Makala haya yanaeleza jinsi suala kama hilo linavyopimwa katika programu za hifadhidata za chanzo huria, yaani programu za kompyuta za kutunza kumbukumbu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Mfano tuliouchagua ni programu ya PostgreSQL.

PostgreSQL ilitokana na kazi iliyoanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, nayo ikapewa jina lake la sasa mwaka 1996. Haina mwenye mali mmoja. Hutunzwa na wataalamu walio katika nchi mbalimbali, baadhi wakilipwa na waajiri wao na wengine wakijitolea. Mwenye pendekezo huliandika, wenzake hulichunguza hadharani, na wachache waliokabidhiwa dhamana hiyo huamua kama liingizwe au lisiingizwe. Kwa hiyo mwanaushirika hatashangazwa na hali yake: mali ni ya wote, lakini utunzaji wake huangukia mikono michache.

Yafaa kwanza kutofautisha kumbukumbu na sura yake. Kumbukumbu ni moja. Muundo wa matokeo ni namna inavyotolewa nje, ama kama jedwali la kusomwa kwa macho, ama kama maandishi ya kusomwa na mashine nyingine. Kuongeza muundo hakuongezi habari yoyote mpya. Basi faida yake haina budi kutafutwa kwa yule atakayeyapokea matokeo.

Tuchukue muundo wa CSV, ambamo kila mstari ni kumbukumbu moja na thamani zake hutengwa kwa alama ya mkato. Programu ndogo ya psql, inayotumiwa kuiuliza PostgreSQL maswali, haikuwa na muundo huo kamili kwa miaka mingi. Watumiaji walijisaidia kwa kuchagua muundo usiopangwa safu na kuweka alama ya mkato kuwa kitenganishi. Njia hiyo ilikuwa na hatari. Iwapo anwani ya mkulima imeandikwa «Moshi, Kilimanjaro», alama ya mkato iliyomo ndani yake huhesabiwa kuwa mpaka wa safu. Anwani hugawanyika mara mbili, na kila thamani inayofuata husogea safu moja: kilo husomwa mahali pa daraja la zao, na fedha mahali pa kilo. Muundo wa CSV uliotimia huizingira thamani ya aina hiyo kwa alama za kunukuu ili ibaki nzima. Ni kweli kwamba amri nyingine ya PostgreSQL, iitwayo COPY, ilikuwa imepata uwezo wa kutoa CSV tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005, lakini haikuweza kutumika kwa kila aina ya swali. Hatimaye CSV iliingizwa katika psql kwa toleo la 12, mwezi Oktoba 2019. Hapo haja ilikuwa ya kweli, kwa kuwa njia ya mkato iliyotumiwa na watu iliweza kuharibu hesabu bila wao kujua.

Mfano wa pili una mvutano zaidi. PostgreSQL ina amri iitwayo EXPLAIN, ambayo humweleza mtumiaji njia itakayofuatwa katika kutafuta jibu la swali lake. Katika toleo la 9.0 la mwaka 2010, maelezo hayo, ambayo awali yalitolewa kwa ajili ya macho ya mtu tu, yaliongezewa miundo mitatu: XML, JSON na YAML. Miwili ya kwanza ilifungua mlango kwa mashine kuyasoma maelezo hayo. Wa tatu ndio unaohitaji kuhojiwa, kwa maana kanuni za YAML za mwaka 2009 ziliandikwa kwa nia ya kuifanya JSON iwe sehemu ya YAML yenyewe. Mashine isomayo YAML, basi, kwa kawaida ingeweza kuisoma JSON iliyokwisha kuwapo. Hoja ya upande wa pili ni kwamba YAML ni nyepesi zaidi kwa macho ya mtu.

Lakini wepesi huo una gharama. Katika YAML, neno «true» lisilozingirwa kwa alama za kunukuu husomwa kuwa «ndiyo», na herufi «0xa» husomwa kuwa namba. Kanuni za kuamua lini alama hizo zitumike zina matata mengi, hata watunzaji wakaona ni salama zaidi kulizingira kila neno la thamani. Hivyo sehemu ya wepesi uliotafutwa ikapotea, na kazi ikabaki. Kila jambo jipya linapoongezwa katika EXPLAIN, hapana budi litolewe sawasawa katika miundo yote minne. Kuufuta mmoja nako si rahisi, kwa sababu kuna watu waliokwisha jenga programu zao juu yake. Kila toleo kuu hutunzwa kwa miaka mitano, na YAML ingali imo hadi leo.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwombaji huona siku moja ya kuandika. Mtunzaji huona miaka. Kwa sababu hiyo, chama kitakachotaka programu yake iongezewe muundo mwingine kijiulize kwanza maswali manne:

1. Je, ni nani atakayeyasoma matokeo, mtu au mashine?
2. Je, muundo uliopo hauwezi kubadilishwa nje ya programu kwa kazi ndogo, pasipo kupoteza kitu?
3. Je, kanuni za muundo huo zimeandikwa na kutulia, hata thamani ngumu zisiharibike?
4. Je, ni nani atakayeutunza baada ya mwombaji kuondoka?

Kwa kipimo hicho CSV ilistahili kuingizwa, ilhali YAML ingeweza kuachiwa programu ya pembeni. Jibu la swali la nne likikosekana, heri ombi lingoje, kwani muundo usio na mtunzaji hutoa namba zisizo sahihi, na atakayepunjwa kwa namba hizo ni mkulima aliyeleta mazao yake kwa uaminifu.