Nambari 142,857: Ajabu ya Hisabati, Mtihani wa Lugha

Ukiiona nambari 142,857 kwenye risiti, huenda usiitazame mara ya pili. Katika makala haya, ninanuia kuonyesha ajabu yake ya kihisabati, kisha tatizo linalotukabili tunapoitamka kwa Kiswahili.

Hebu chukua kalamu. Izidishe kwa 2, utapata 285,714. Kwa 3 ni 428,571; kwa 4 ni 571,428; kwa 5 ni 714,285 na kwa 6 ni 857,142. Tarakimu ni zile zile sita, kwa mfuatano ule ule. Zinazunguka tu, kila mara zikianzia mahali tofauti. Ukifika 7, mchezo unakwisha: jibu ni 999,999.

Siri yenyewe ni saba. Ukigawanya 1 kwa 7, unapata 0.142857142857 na kuendelea, bila kikomo. Sote tuliokariri 22/7 shuleni tulikuwa nayo mkononi, kwani 22/7 ni 3.142857... Katika kugawanya huku, baki haliwezi kuwa jingine ila 1 hadi 6. Yote sita hutokea, kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 hurudi na hesabu kuanza upya. Kuzidisha ni kuanzia tu kwenye baki jingine.

Sasa tuje kwenye lugha. Moja, mbili, nne, tano na nane ni maneno ya Kibantu, nayo hupatanishwa na nomino: kitabu kimoja, vitabu viwili, vinne, vitano, vinane. Saba lilitoka katika Kiarabu na halibadiliki: vitabu saba, watu saba. Basi katika nambari hii, tarakimu ya pekee isiyokubali upatanisho ni ile ile ya saba iliyoizaa! Ni sadfa tu, lakini inapendeza.

Kasheshe ipo katika kuitamka. Wengi husema "elfu mia moja arobaini na mbili mia nane hamsini na saba". Asiyesikia kituo baada ya "mbili" ataandika nini? Tatizo hubainika zaidi katika "elfu mia moja na arobaini". Je, ni 140,000 au 100,040? Kwenye hundi au mkataba wa shamba, tofauti hiyo ya shilingi 39,960 si mzaha.

Dawa tunayo: laki, yaani elfu mia moja. Wapo wanaolidharau wakidhani ni neno la mtaani, ilhali lina asili ya Kihindi na limo kamusini. Sema "laki moja na elfu arobaini" uone kama kuna wa kubisha. Nayo nambari yetu iwe "laki moja, elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba". Kila kundi la tarakimu limetajwa kwa jina lake. Kwa maoni yangu, laki listahili kuandikwa, si kusemwa tu.